Kuku mmoja akiugua, liokoe banda zima

Wengi hukimbilia kisu au soko mara tu kuku anapoanza kusinzia. Kumbe saa chache za kwanza zikitumiwa vyema, mgonjwa huweza kupona na wenzake wakanusurika.

IWAPO wewe ni mmoja wa wakazi wa jiji wanaofuga kuku nyuma ya nyumba, huhitaji kuelezwa manufaa yao. Watoto hupata yai bila mtu kutumwa dukani, mgeni wa ghafla hakosi kitoweo, na trei mbili tatu za mayai zikiuzwa kwa majirani, nauli ya wanafunzi ya wiki nzima imepatikana. Tangu Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipopitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mijini mwaka 2015, ufugaji wa aina hii hata umetambuliwa rasmi.

Lakini bila shaka unaujua pia uchungu wake. Jumatatu kuku mmoja anajikunyata pembeni. Jumatano wameshakuwa watano. Kufikia Jumapili kizimba ki kitupu, na pesa zilizonunua vifaranga, chakula na mabati zimekwenda na maji. Katika nyumba nyingi pesa hizo hazikuwa za ziada. Zilikuwa akiba ya mama, mkopo wa chama, au karo ya muhula ujao.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi msiba huo huweza kuzuiliwa. Maradhi mengi yanayofagia kuku nchini yana chanjo, na yale yasiyo na chanjo hutokana na unyevu, uchafu na msongamano, mambo ambayo mfugaji mwenyewe anaweza kuyarekebisha. Kinachohitajika ni kuwa na macho, na kujua la kufanya yule wa kwanza anapougua.

MTAMBUE MAPEMA

Kuku ni ndege anayeficha ugonjwa. Porini, ndege anayeonyesha udhaifu huwa wa kwanza kunyakuliwa na mwewe au kudonolewa na wenzake, hivyo kuku hujikaza hadi nguvu zinapomwishia. Unapomwona amejikunyata waziwazi, huenda amekuwa mgonjwa kwa siku mbili au zaidi. Kwa hiyo jenga mazoea ya kuwatazama kuku wako kila asubuhi unapofungua mlango na unapomwaga chakula. Huo ndio wakati mzuri zaidi, kwani kuku mzima hukimbilia chakula. Anayebaki nyuma ana jambo.

Tazama pia chini ya mahali wanapolala. Kinyesi cha kuku mwenye afya huwa kigumu kiasi, cha rangi ya udongo au kijivu, chenye kofia nyeupe juu yake. Kinyesi cha kijani kibichi, cha manjano, cheupe cha majimaji au chenye damu ni habari mbaya. Halikadhalika mayai kupungua ghafla, au kuwa na ganda laini na umbo lisilo la kawaida.

Ukimshuku kuku, mkamate kwa upole jioni akiwa ametulia, kisha umchunguze kuanzia kichwani hadi miguuni. Je, kilemba chake ni chekundu au kimepauka, au kimegeuka rangi ya zambarau? Macho yamevimba au yanatoa machozi? Pua ina kamasi? Fungua mdomo uone kama kuna vidonda au utando. Papasa gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Gole hujaa jioni na huwa tupu asubuhi. Likiwa bado gumu kama jiwe asubuhi, chakula kimekwama. Papasa kidari. Mfupa wake ukichomoza kama kisu, kuku huyo amekuwa akikonda kwa muda, pengine kwa sababu ya minyoo. Inua mabawa na utazame manyoya yaliyo karibu na tundu la nyuma, ambako chawa na utitiri hupenda kujificha.

Usidanganywe na joto la mwili. Kuku mzima huwa na joto la takriban digrii 41, kwa hiyo mkononi mwako atakuwa moto daima hata kama hana homa.

MTENGE, MPE JOTO, MPE MAJI

Hatua ya kwanza ni kumwondoa mgonjwa miongoni mwa wenzake, saa hiyo hiyo, bila kungoja kesho. Si lazima uwe na banda la pili. Kasha kubwa la katoni, pakacha au kizimba kidogo kilichowekwa kwenye stoo kitatosha, mradi kiwe mbali na banda, kisipigwe na upepo wala mvua, na kisiwe jikoni mnakopikia. Tandika maranda makavu au magazeti ya zamani unayoweza kuyabadilisha kila siku.

Pili, mpe joto. Kuku mgonjwa hutumia nguvu nyingi kujipasha moto, na hali ya hewa ya Nairobi au Limuru ya mwezi Julai haimsaidii. Balbu ya stima inayotoa joto iliyoning'inizwa upande mmoja wa kasha, ili aweze kuisogelea au kuikimbia, inafaa. Kama huna stima, jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa tambara na uiweke kando yake. Usiingize jiko la makaa katika chumba kisicho na hewa. Gesi yake isiyoonekana huua kuku, na huua watu pia.

Tatu, mpe maji. Kuku wengi wanaoharisha hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini kabla ugonjwa wenyewe haujawamaliza. Ule mchanganyiko anaopewa mtoto anayeharisha utamfaa kuku pia kwa siku moja au mbili: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asipoweza kunywa mwenyewe, chovya kidole au tumia sirinji isiyo na sindano, udondoshe tone moja moja pembeni mwa mdomo na umwache ameze. Kamwe usimfungue mdomo na kumimina, kwani maji yataingia kwenye mapafu na utakuwa umemuua kwa wema.

Chakula kiwe laini: chakula chake cha kawaida kilichoroweshwa kidogo, au yai lililochemshwa na kupondwa. Kisicholiwa kitupwe kila jioni kabla hakijachacha.

Mwisho, chagua mtu mmoja wa kumhudumia mgonjwa. Mtu huyo awahudumie kwanza kuku wazima, kisha mgonjwa, asirudi tena bandani bila kunawa mikono kwa sabuni na kubadilisha viatu. Watoto wadogo wasimkaribie. Kuku huweza kubeba bakteria za salmonela zinazomwendesha mtu tumbo vibaya, hasa mtoto.

JE, NI UGONJWA GANI?

Huwezi kuwa daktari kwa kusoma gazeti. Hata hivyo, ukizijua dalili kuu utaweza kumweleza daktari wa mifugo jambo la maana, na utajua lipi linaweza kungoja na lipi haliwezi.

Adui mkubwa zaidi ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi huuita kideri. Jina hilo lilitokana na mji wa Newcastle nchini Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Husababishwa na virusi. Kuku huhema kwa shida akinyoosha shingo, huharisha kinyesi cha kijani, mabawa huning'inia, na baadhi yao hupinda shingo au kupooza miguu. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua 9 kati ya kila kuku 10, wakati mwingine wote. Hauna dawa.

Gumboro huwashambulia zaidi vifaranga wa umri wa kati ya wiki 3 na 6. Hujikusanya pamoja, hutetemeka, huharisha majimaji meupe na hufa kwa wingi katika muda wa siku chache. Wanafunzi wa bayolojia watapenda kujua kwamba virusi vyake huharibu kiungo kilicho karibu na tundu la nyuma, ambamo kinga ya mwili wa kifaranga hukomazwa. Ndiyo maana hata kifaranga anayepona huweza kushambuliwa baadaye na maradhi mengine, na chanjo nyingine zisimfae sana. Huu nao ni wa virusi na hauna tiba.

Koksidiosisi, au kuhara damu, huletwa na vijidudu vya utumboni vinavyostawi kwenye matandiko yenye unyevu. Vifaranga hujikunyata, manyoya husimama, na kinyesi huwa na damu. Hapa kuna habari njema: ipo dawa, mathalani amproliamu ya kutiwa kwenye maji ya kunywa, na ikitolewa mapema huokoa wengi. Lakini usipoondoa ule unyevu, ugonjwa utarudi.

Ndui ya kuku huonekana kwa vipele na magamba kwenye kilemba, mashavu na kando ya macho. Huenezwa sana na mbu, na kwa hiyo huzuka zaidi wakati wa mvua. Ikiwa vidonda viko nje tu, kuku wengi hupona wakitunzwa na macho yao yakisafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Vidonda vikiingia mdomoni na kooni, hatari huongezeka.

Mafua ya kuku huvimbisha uso na kutoa kamasi yenye harufu mbaya. Taifodi ya kuku huwapausha vilemba na kuwaharisha kinyesi cha manjano. Maradhi haya mawili ni ya bakteria na yana dawa, lakini dawa hiyo huandikwa na daktari wa mifugo. Kumbuka kwamba kuku aliyepona taifodi huweza kubaki na vijidudu mwilini na kuwaambukiza wenzake.

Si kila kuku aliyejikunyata ana ugonjwa wa kuambukiza. Kuku wa mayai anayesimama wima, akijikamua mara kwa mara bila kutoa kitu, huenda ana yai lililokwama. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni kwa dakika 15 au 20, mpake mafuta ya kupikia kwenye tundu, kisha umwache mahali penye joto na giza. Usijaribu kulivunja yai lingali ndani. Lisipotoka siku hiyo, mwite daktari. Tatizo hili hupungua kuku wanapopewa madini ya chokaa ya kutosha, na hata maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kusagwa husaidia.

DAWA ZA KUBAHATISHA

Ni kawaida katika mitaa yetu mtu kuingia kwenye duka la dawa za mifugo na kusema, "Kuku wangu wanasinzia, nipe ile dawa." Wengine hufungua vidonge vya watu vilivyosalia kabatini na kumwaga unga wake kwenye maji. Tabia hii ina madhara matatu.

Kwanza, antibiotiki huua bakteria. Haziui virusi vya Newcastle wala vya Gumboro, kwa hiyo unapoteza pesa na, lililo baya zaidi, unapoteza wakati. Pili, vipimo vya kubahatisha huwafundisha bakteria kuizoea dawa, na siku ambayo mtoto wako ataihitaji dawa ya jamii hiyo hospitalini, huenda isimsaidie. Tatu, dawa huingia kwenye yai na nyama. Kila dawa ya kuku ina maelezo kwenye pakiti kuhusu idadi ya siku za kungoja kabla mayai na nyama kuliwa. Ukiyauza mayai hayo kabla ya siku hizo kutimia, unamlisha jirani yako dawa ambayo hakuandikiwa.

Je, vipi kuhusu shubiri, pilipili na majivu, dawa za nyanya zetu? Shubiri na pilipili hutumiwa sana dhidi ya kideri, lakini hazijachukua nafasi ya chanjo, na anayezitegemea peke yake hujikuta na banda tupu. Majivu, kwa upande mwingine, yana kazi yake. Yakichanganywa na mchanga mkavu kwenye beseni pana, kuku hujigaragaza humo na kupunguza chawa na utitiri. Miguu yenye magamba yaliyoinuka kwa sababu ya utitiri nayo hutibika kwa kuoshwa kwa maji ya sabuni na kupakwa mafuta mazito ya kujipaka mara kadhaa, hadi magamba ya zamani yadondoke.

USIMUUZE, USIMLE

Hapa ndipo mfugaji anapopimwa. Ukiona kuku wawili wamelala na wengine kumi wamesimama, shetani hukunong'oneza: wauze leo kabla hawajafa. Unawafunga miguu, unawapeleka sokoni au kwa mwenye hoteli, na unarudi na pesa mfukoni. Hujui kwamba mnunuzi mmoja atampeleka wake Kayole na mwingine Ngong, na ndani ya juma moja familia ambazo hujawahi kuziona zitakuwa zikizika kuku wao. Virusi vya Newcastle husafiri namna hiyo hasa: kwa miguu ya watu, kwa vizimba vya wachuuzi na kwa kuku wanaouzwa haraka haraka.

Basi banda lenye wagonjwa lisitoe kuku wala trei za mayai wala mbolea mpaka ujue tatizo ni nini. Usimle kuku aliyekufa mwenyewe, wala kumchinja anayekaribia kukata roho. Mzoga usitupwe jalalani au mtoni, ambako mbwa na kunguru wataugawa mtaa mzima. Uzike kwenye shimo lenye kina cha mita 1 na kunyunyizia chokaa, au uchome hadi uwe majivu. Kama ploti yako imefunikwa saruji kote, uliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti.

Kuku wengi wakifa ghafla, tena kwa mkupuo, usiwashike kwa mikono mitupu. Toa habari mara moja. Mnamo Januari 2017 nchi jirani ya Uganda ilithibitisha kuwepo kwa homa ya mafua ya ndege karibu na Ziwa Victoria, na Kenya ikasitisha kwa muda uagizaji wa kuku kutoka huko. Dalili za homa hiyo hufanana sana na za kideri, na ni maabara tu inayoweza kuzitenganisha.

CHANJO: CHANGENI NA MAJIRANI

Kwa kuwa Newcastle na Gumboro hazina tiba, chanjo ndiyo ngao. Vifaranga wa mayai wanaonunuliwa kwa watotoleshaji wanaoaminika huwa wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ya kwanza. Kwa kawaida chanjo ya Gumboro hufuata katika wiki ya pili na kurudiwa siku chache baadaye, Newcastle hutolewa katika wiki za kwanza na kurudiwa kabla hawajaanza kutaga, na ndui karibu na wiki ya 6 hadi ya 8 kwa kudunga utando wa bawa. Aliyekuuzia vifaranga, au daktari wako, atakupa ratiba kamili. Ibandike ukutani.

Kuku wa kienyeji wanaozurura uani wasisahauliwe. Ipo chanjo ya Newcastle inayostahimili joto kuliko ile ya kawaida, inayodondoshwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, ni miongoni mwa wanaotengeneza chanjo za Newcastle humu nchini.

Mfugaji wa mjini hulalamika: "Kichupa kimoja ni cha kuku 100 au zaidi, nami nina 12 tu!" Ni kweli, na kichupa kikishafunguliwa hakiwekwi hadi wiki ijayo. Dawa yake ni kuchanga. Kusanya majirani wanne watano, nunueni kichupa kimoja na kuchanja siku moja. Gharama kwa kila mmoja itakuwa ndogo, na jambo kubwa zaidi ni kuwa mtaa mzima utakuwa umekingwa. Kuku wako waliochanjwa wakizungukwa na wasiochanjwa, hatari ingali mlangoni.

Chanjo huharibika upesi. Ibebe kwenye chupa ya chai au kasha lenye barafu, mbali na jua. Ukiitia kwenye maji ya kunywa, usitumie maji ya mfereji yaliyotoka kutiwa klorini, kwani klorini huua chanjo. Tumia maji ya kisima, ya mvua, au ya mfereji yaliyokaa wazi kwenye ndoo usiku kucha. Waondolee kuku maji kwa saa moja au mbili asubuhi ili wapate kiu, kisha uwape maji ya chanjo wayamalize katika muda kama huo. Wachanjwe wale walio wazima tu. Ukimaliza, nawa mikono na usijiguse macho, kwa sababu virusi vya chanjo hiyo huweza kuyafanya mekundu kwa siku kadhaa.

KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI

Wahenga walinena hivyo, nasi wafugaji tungeifuata methali hii neno kwa neno. Fikiria Desemba. Umerudi kutoka mashambani, na shangazi amekufungia jogoo wawili wa kienyeji ndani ya kikapu, zawadi isiyokataliwa. Wamesafiri kutwa juu ya basi pamoja na kuku wa abiria wengine. Unafika Umoja usiku, umechoka, unafungua banda na kuwaingiza. Kufikia mwaka mpya, maombolezo.

Kuku yeyote mgeni, awe wa zawadi, wa kununuliwa Kariokor au aliyerudi sokoni bila kununuliwa, afungiwe peke yake kwa wiki 3. Virusi vya Newcastle huchukua kati ya siku 2 na 15 kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo kuku anayeonekana mzima leo huenda ameshabeba mauti. Katika muda huo mpe dawa ya minyoo na umkague chawa. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, umchanje, na ndipo umchanganye na wenyeji.

Kanuni hiyo iwahusu pia bata na njiwa. Bata huweza kubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa, na njiwa huruka kutoka banda hadi banda. Usiwafuge pamoja na kuku.

BANDA NALO HUUGUA

Ingia bandani mwako, uchuchumae hadi kichwa kifike mahali pa kuku, kisha uvute pumzi. Macho yakikuwasha kwa harufu kali, jua kwamba kuku wanaivuta hewa hiyo usiku na mchana, na mapafu yao yamefunguliwa mlango wa kila aina ya mafua. Ongeza madirisha ya waya upande usio na upepo mkali, na upunguze idadi. Kuku wakubwa 5 kwa kila mita 1 ya mraba ni kiasi cha kutosha.

Matandiko yawe na kina cha sentimita 10 hivi. Yageuze mara mbili kwa wiki, na uondoe upesi palipolowa, hasa kando ya vyombo vya maji. Chukua konzi moja na uikamue: yakishikana kama donge la ugali, yana unyevu mno. Vyombo vya maji vioshwe kila siku. Kuku mmoja wa mayai hunywa takriban robo lita kwa siku, na siku ya jua kali huhitaji zaidi. Chakula kiwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, kwa kuwa kinachomwagika huwaita panya na shomoro, nao huja na mizigo yao. Chakula kilichoota ukungu kisipewe kuku hata kama ni cha bei ya chini, kwani sumu ya ukungu huharibu ini na kudhoofisha kinga.

Mlangoni weka jozi moja ya viatu visivyotoka nje ya banda. Mgeni anayetaka kuona kuku wako awaone kupitia waya. Ukiwa na vifaranga na kuku wakubwa, watenganishe, na uwahudumie vifaranga kwanza.

Kijana wa shule anaweza kukabidhiwa daftari. Kila siku aandike idadi ya kuku, mayai yaliyookotwa, chakula kilicholiwa, na lolote lisilo la kawaida. Ni kazi ya dakika tano. Mayai yakishuka kutoka 20 hadi 14 katika siku mbili, daftari litapiga kelele kabla ya kuku yeyote kujikunyata.

AKIFA, MPELEKE AKAPASULIWE

Wafugaji wengi hawajui kuwa kuku aliyekufa bado anaweza kuwaokoa walio hai. Akipasuliwa na mtaalamu, viungo vyake husema kilichomuua, na tiba au kinga ya waliosalia hujulikana. Wakazi wa Nairobi na viunga vyake wana maabara kuu ya mifugo huko Kabete, pamoja na kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilicho huko huko. Mikoani ziko maabara za uchunguzi kama zile za Mariakani, Nakuru, Eldoret na Karatina.

Mpeleke siku hiyo hiyo, akiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko na barafu kidogo. Usimgandishe, kwani barafu kali huharibu viungo. Ikiwezekana, peleka na mgonjwa mmoja aliye hai. Beba lile daftari, na ueleze umri wa kuku, chanjo walizopata na lini, chakula wanachokula, na dawa yoyote uliyokwisha kuwapa. Usifiche kitu, maana daktari hutibu kile anachoambiwa.

Kuku mmoja huenda asionekane kuwa kitu cha kumsumbulia daktari. Lakini hesabu si ya kuku mmoja. Ni ya banda lako, la jirani yako, na la yule mama wa mtaa wa pili ambaye mayai ndiyo kodi yake ya nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini au shuleni, simama mlangoni mwa banda kwa dakika mbili, umwage chakula, na utazame ni nani amebaki nyuma.